Duchenne: Daktari wa masanduku ya umeme aliyetufundisha kuangalia pumzi ya mtoto

Kabla hujaendelea kusoma, weka kiganja chako juu ya tumbo, chini kidogo ya mbavu. Sasa vuta pumzi taratibu kwa pua. Utaona kiganja kinasukumwa mbele. Kinachokisukuma si mapafu, maana mapafu hayana misuli ya kujitanua yenyewe. Kazi hiyo hufanywa na kiwambo, msuli mpana uliotanda kama mwamvuli kati ya kifua na tumbo. Kikijikunja, kinashuka, kifua kinapata nafasi, na hewa inaingia. Kikilegea, hewa inatoka. Kinafanya hivyo usiku na mchana tangu ulipozaliwa, na pengine hujawahi kukifikiria hata siku moja.

Wapo watoto ambao wazazi wao hukifikiria kila usiku. Ni watoto wenye magonjwa ya misuli na neva, ambao nguvu za mwili hupungua mwaka hadi mwaka, mpaka siku moja udhaifu unafika kwenye misuli ya kupumulia. Ugonjwa unaojulikana zaidi katika kundi hilo unaitwa Duchenne. Wazazi wengi hulisikia neno hilo kwa mara ya kwanza ndani ya chumba cha daktari, na hudhani ni istilahi ya kitabibu tu. Kumbe ni jina la mtu. Wiki hii safu yetu inasimulia maisha yake, kwa sababu mtu huyo ndiye pia aliyechunguza kiwambo kwa makini kuliko wengi waliomtangulia, na alichokiona bado kinamfaa mzazi anayemwangalia mtoto wake amelala.

Mtoto wa bandarini

Guillaume Duchenne alizaliwa Septemba 1806 katika mji wa Boulogne-sur-Mer, bandari iliyoko kaskazini mwa Ufaransa, ikitazamana na Uingereza ng'ambo ya mkondo wa bahari. Ukoo wake ulikuwa wa watu wa baharini na baba yake alikuwa nahodha. Ilitarajiwa kijana naye afuate njia ya chombo na tanga. Yeye akapenda sayansi, akaenda Paris kusomea udaktari, akahitimu mwaka 1831.

Baada ya masomo hakubaki jiji kuu. Alirudi kwao, akafungua shughuli ya kutibu watu wa kawaida wa mjini, na akaoa. Maisha yalianza vizuri, lakini hayakukaa hivyo. Mke wake alijifungua mtoto wa kiume, na siku chache baadaye akafariki kwa homa ya uzazi. Enzi hizo homa hiyo iliua wanawake wengi Ulaya, kwani bado haikujulikana kwamba vijidudu husafiri kwenye mikono ya wanaozalisha.

Msiba ulizaa msiba mwingine. Duchenne alikuwa amemzalisha mkewe mwenyewe, na mama mkwe wake akamtupia lawama za kifo hicho. Maneno yakaenea mjini. Wagonjwa wakapungua. Mtoto, Émile, akachukuliwa na upande wa mama, na baba na mwana wakaishi mbalimbali kwa miaka mingi. Alioa tena baadaye, lakini ndoa hiyo ya pili haikumpa utulivu.

Katika miaka hiyo ya upweke alianza kuchezea kitu kilichokuwa kipya katika tiba: umeme. Madaktari wengine walikuwa wakichoma sindano ndani ya msuli kisha wakapitisha umeme, jambo lenye maumivu na lililoacha majeraha. Duchenne aligundua kwamba hakuna haja ya kuchoma. Akilowesha ngozi na kuweka juu yake vishikio viwili vyenye unyevu, umeme hupita na kuugusa msuli mmoja tu uliokusudiwa. Msuli huo hujikunja peke yake, na majirani zake hubaki wametulia. Aliona papo hapo maana yake. Angeweza kuuliza swali kwa kila msuli wa mtu aliye hai, na msuli ungemjibu.

Mtu wa sanduku katika wodi za Paris

Mwaka 1842 alihamia Paris. Hakuwa na cheo chuoni, hakuwa na wodi yake, na hakuwa na mkubwa wa kumshika mkono. Lafudhi yake ilikuwa ya pwani na tabia yake ya ukimya. Kila asubuhi alibeba sanduku lake la umeme akazunguka hospitali moja baada ya nyingine, akiomba ruhusa ya kuwaona wagonjwa waliopooza au waliodhoofika. Baadhi ya madaktari walimcheka. Wengine walimwona msumbufu anayeingilia wagonjwa wa watu. Hakugombana nao. Kesho yake alirudi tena.

Jambo lililomtofautisha na wengi ni kwamba hakumwacha mgonjwa. Akihamishwa hospitali, alimfuata. Akiruhusiwa kwenda nyumbani, alimfuata huko. Kwa wakati ule daktari aliona ugonjwa kama picha moja, siku moja aliyoingia wodini. Duchenne aliuona kama safari. Alitaka kujua mtu huyu alikuwaje mwaka jana, yukoje leo, na atakuwaje mwaka ujao. Magonjwa ya misuli hayafahamiki kwa njia nyingine, kwa sababu sura yake ya leo si ya mwakani.

Mwaka 1855 alitoa kitabu chake kikubwa kuhusu matumizi ya umeme kwenye sehemu moja moja ya mwili. Kwa njia hiyo alichangia kutenganisha magonjwa ambayo zamani yaliwekwa kapu moja la kupooza. Yako yanayoanzia kwenye uti wa mgongo, yako yanayoharibu ulimi, midomo na koo, na yako yanayoanzia ndani ya msuli wenyewe. Alichunguza pia ulemavu unaowapata watoto baada ya homa, ambao leo tunauita polio, na akashikilia kwamba chanzo chake ni seli za uti wa mgongo zinazoamrisha misuli. Uchunguzi wa baadaye ulimpa haki.

Dunia ya wasanii inamkumbuka kwa kitabu kingine, cha mwaka 1862, chenye picha za uso wa binadamu. Aligusisha umeme kwenye misuli ya uso mmoja mmoja, hasa uso wa mzee mmoja fundi viatu aliyekuwa amepoteza hisia usoni, kisha akapiga picha. Alionyesha kwamba tabasamu la kweli halimalizikii mdomoni, bali hukunja na misuli inayozunguka macho. Charles Darwin alitumia baadhi ya picha hizo katika kitabu chake cha mwaka 1872 kuhusu namna binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia.

Kiwambo, msuli wa uhai

Kwa wasomaji wa safu hii, kazi yake iliyo muhimu zaidi huenda ni ile isiyotajwa sana. Mwanzoni mwa miaka ya 1850 Duchenne aliuelekeza umeme wake kwenye kupumua. Shingoni, kila upande, hupita mshipa wa fahamu unaoshuka hadi kwenye kiwambo. Alipougusisha umeme mshipa huo, kiwambo kilijikunja na hewa ikaingia mapafuni, bila mtu mwenyewe kukusudia. Akapendekeza njia hiyo itumike kwa watu waliokosa pumzi na kukaribia kufa.

Wazo hilo lilikuwa kubwa kuliko vifaa vya wakati wake. Lilisema kwamba kupumua kunaweza kusaidiwa kutoka nje, kwa mpangilio unaofanana na ule wa asili: kuvuta, kuachia, kuvuta, kuachia. Lakini sanduku lake lilihitaji mkono wa daktari kila sekunde. Lisingeweza kumsaidia mtu usiku mzima, sembuse miaka.

Alifanya jambo jingine la manufaa zaidi kwa mzazi. Alieleza namna ya kuitambua hali ya kiwambo kilichodhoofika kwa macho tu, bila mashine. Katika mtu mzima wa afya, akivuta pumzi, tumbo na sehemu ya chini ya kifua hupanda pamoja. Kiwambo kikishindwa, mambo hugeuka: kifua kinapanuka, lakini tumbo linabonyea ndani. Ni kama watu wawili wanaobeba mzigo mmoja, kila mmoja akivutia upande wake.

Madaktari wa leo bado wanaitafuta dalili hiyo. Na wameongeza kwamba katika baadhi ya watoto wachanga wenye ugonjwa wa uti wa mgongo unaodhoofisha misuli, ujulikanao kwa kifupi kama SMA, huonekana kinyume chake. Kwao misuli ya katikati ya mbavu ndiyo inayotangulia kuchoka, na kiwambo kinabaki na nguvu kidogo. Mtoto akivuta pumzi, tumbo linapanda juu na kifua kinazama, na polepole kifua huchukua umbo la kengele.

Watoto wenye ndama wanene

Katika toleo la pili la kitabu chake cha umeme, mwaka 1861, Duchenne alimweleza mtoto wa kiume aliyemshangaza. Ndama za miguu yake zilikuwa nene na ngumu, kama za mpanda milima, na mtu angedhani ana nguvu nyingi. Kumbe alikuwa dhaifu. Alichelewa kutembea, alitembea kwa kuyumba huku ameachanisha miguu, alipinda mgongo kwa ndani na kutanguliza tumbo, na ilimwia vigumu kuinuka akianguka.

Duchenne hakukimbilia kutoa jina na kusonga mbele. Aliendelea kuwatafuta watoto wa namna hiyo kwa miaka, na mwaka 1868 akachapisha maelezo marefu ya watoto 13. Alieleza kwamba ugonjwa huanza utotoni, huanzia miguuni na kiunoni, hupanda hadi mikononi, na hauachi kusonga mbele. Kwa nini ndama zilikuwa nene? Ili kujibu, alibuni sindano ndogo yenye uwezo wa kukata kipande kidogo cha msuli wa mgonjwa aliye hai. Chini ya hadubini aliona kwamba unene ule haukuwa misuli. Ilikuwa mafuta na nyuzi za kovu zilizochukua nafasi ya misuli iliyokufa. Vipimo vya kukata kinyama cha msuli vinavyofanywa hospitalini leo vimetokana na wazo hilo.

Haki itendeke: hakuwa wa kwanza kabisa kuuona ugonjwa huo. Daktari Edward Meryon wa Uingereza alikuwa amewaeleza watoto wa namna hiyo karibu miaka kumi kabla yake. Lakini ni uchunguzi wa Duchenne, uliotimia pande zote, ulioufanya ujulikane duniani, na jina lake ndilo lililobaki.

Leo tunafahamu zaidi. Karibu wote wanaopatwa na ugonjwa huu ni wavulana, takriban mmoja kati ya kila 3,500 hadi 5,000 wanaozaliwa. Unatokana na hitilafu katika kinasaba kilichoko kwenye kromosomu X, ambacho kiligunduliwa katikati ya miaka ya 1980. Kinasaba hicho hutengeneza protini iitwayo distrofini, inayoukinga msuli usichanike kila unapofanya kazi. Mara nyingi mama hubeba hitilafu hiyo bila kuugua, lakini katika familia nyingi hutokea upya kwa mtoto bila kurithiwa. Si laana, si kurogwa, na si kosa la mama.

Duchenne aliona pia mwisho wa safari, na mwisho huo ulikuwa mchungu. Wengi wa watoto hao hawakuufikia utu uzima. Mara nyingi kilichowamaliza hakikuwa miguu iliyoshindwa kutembea, bali kifua kilichoshindwa kuvuta hewa na kukohoa. Mafua ya kawaida yaligeuka nimonia, na nimonia ikageuka msiba. Mtu aliyejua zaidi ya wengi namna kiwambo kinavyofanya kazi hakuwa na chochote cha kukisaidia kwa muda mrefu.

Mwana aliyerudi

Miaka ya 1860 ilimletea Duchenne faraja mbili. Ya kwanza ilikuwa urafiki wa Jean-Martin Charcot, daktari kijana aliyepewa madaraka mwaka 1862 katika hospitali kubwa ya Salpêtrière jijini Paris. Charcot alikuja kuwa mmoja wa madaktari mashuhuri wa neva duniani, na hakuona haya kumkiri mzee huyu asiye na cheo kuwa mwalimu wake. Alimfungulia milango ya wodi, na yule aliyekuwa akichekwa akawa mgeni wa heshima.

Ya pili ilikuwa kurudi kwa Émile. Mtoto aliyetenganishwa na baba yake akiwa mchanga alikuwa sasa amekua na kuwa daktari. Walikutana, wakapatana, wakafanya kazi pamoja, na kijana akaandika kuhusu watoto waliopooza, somo lilelile la baba yake. Furaha hiyo haikudumu. Vita vya Ufaransa na Prussia vilipozuka, Paris ilizingirwa kuanzia 1870 hadi 1871, na homa ya matumbo ikamchukua Émile.

Duchenne hakusimama tena sawasawa. Alifariki Septemba 1875 jijini Paris kwa kuvuja damu kwenye ubongo. Hakuwahi kuwa profesa wala mkuu wa hospitali. Aliacha vitabu, picha, sindano moja ndogo, na kundi la watoto ambao kwa mara ya kwanza ugonjwa wao ulikuwa umeonwa na kuandikwa kwa ukamilifu.

Pumzi iliyohamia nyumbani

Ilichukua zaidi ya nusu karne baada ya kifo chake kabla wazo la kumsaidia mtu kupumua kwa muda mrefu halijapata chombo. Mwaka 1928 mjini Boston, Marekani, mtoto mwenye polio aliwekwa ndani ya pafu la chuma, tangi lililobuniwa na Philip Drinker na Louis Shaw. Kichwa kilibaki nje, mwili ndani, na pampu ilipunguza shinikizo la hewa ili kifua kitanuke. Mwaka 1952 polio ilipovamia Copenhagen, Denmark, daktari Bjørn Ibsen alipitisha hewa moja kwa moja kupitia tundu kooni. Wanafunzi wa udaktari wapatao 1,500 walipokezana kubonyeza mifuko ya hewa kwa mikono, usiku na mchana, mpaka wagonjwa walipoweza kupumua wenyewe.

Lakini mtoto mwenye Duchenne haumwi wiki tatu akapona. Anahitaji msaada wa miaka, na anahitaji kuupata akiwa kitandani kwake, karibu na wadogo zake na shule yake. Mlango huo ulifunguka miaka ya 1980, wakati madaktari wa Ufaransa, wakiwemo wa Poitiers, na wenzao wa nchi nyingine walipoanza kutumia barakoa ndogo ya puani usiku badala ya kutoboa koo. Mashine ndogo kando ya kitanda husukuma hewa kwa nguvu zaidi mtoto anapovuta pumzi, na kupunguza nguvu anapoitoa. Asubuhi anaivua na kwenda shule.

Matokeo yake ni makubwa. Madaktari wa Newcastle, Uingereza, walipotazama kumbukumbu zao na kuchapisha matokeo mwaka 2002, waliona kwamba katika miaka ya 1960 wastani wa umri wa kufariki wa wagonjwa wao ulikuwa miaka 14.4. Kwa wale waliopata msaada wa kupumua usiku tangu 1990, wastani ulifika miaka 25.3. Ugonjwa ni uleule, msuli ni uleule. Tofauti ilikuwa kuonwa mapema, kutunzwa vizuri, na pumzi kusaidiwa.

Kwa nini usiku?

Ukilala usingizi mzito wa ndoto, misuli mingi ya mwili hulegezwa, na kiwambo huachiwa karibu kazi yote. Kikiwa dhaifu, pumzi huwa fupi, na hewa ukaa, yaani kabonidayoksaidi, hujikusanya katika damu. Ndiyo maana matatizo huanza usiku miezi mingi kabla hayajaonekana mchana, na mtoto mwenyewe huenda asilalamike kabisa kwamba anakosa hewa.

Mzazi wa mtoto mwenye ugonjwa wowote wa misuli na neva aangalie haya:

Anaamka na maumivu ya kichwa yanayopungua kadiri asubuhi inavyosonga. Anaamka mara kwa mara usiku, anaota ndoto za kutisha, au anaomba kugeuzwa kila mara. Hana hamu ya kifungua kinywa. Anasinzia darasani, anashindwa kutulia, au alama zake zinashuka ghafla. Sauti inakuwa ndogo na kikohozi hakina nguvu. Mafua yanashuka kifuani kila mara. Na ile dalili ya Duchenne: akivuta pumzi, kifua na tumbo haviendi pamoja.

Ukiyaona, usingoje siku ya kliniki. Mweleze daktari, na uombe mtoto apimwe uwezo wa mapafu, oksijeni na hewa ukaa akiwa amelala. Pale uwezo wa kujaza mapafu unaposhuka chini ya nusu ya kawaida, ufuatiliaji huhitaji kuwa wa karibu zaidi. Hata hivyo mashine si kitu cha kuharakisha bila sababu. Utafiti uliofanyika Ufaransa na kuchapishwa mwaka 1994 haukuona faida ya kuianza kabla dalili na vipimo havijaonyesha haja. Ina wakati wake, na anayeujua wakati huo ni daktari anayemfuatilia mtoto, kama Duchenne alivyowafuatilia wake.

Yapo mambo ambayo kila familia inayoishi na mashine inapaswa kuyajua. Kwanza, oksijeni ya mtungi peke yake haichukui nafasi ya mashine. Tatizo la mtoto huyu ni pampu iliyochoka, si uhaba wa oksijeni hewani. Oksijeni ikitolewa bila kupima hewa ukaa inaweza kuficha hatari na hata kuiongeza. Pili, kikohozi kinahitaji msaada wake. Familia ifundishwe na mtaalamu wa tiba ya viungo namna ya kubonyeza tumbo au kifua mtoto anapokohoa, au kutumia mashine ya kusaidia kukohoa pale inapopatikana. Tatu, umeme hukatika. Kuwe na betri ya akiba iliyojaa, na mfuko wa kubonyeza hewa kwa mkono ukae mahali pamoja panapojulikana na kila mtu wa nyumbani, akiwemo dada wa kazi na jirani. Nne, barakoa isafishwe kila siku, na ngozi ya pua iangaliwe isichubuke. Tano, chanjo za mtoto zisirukwe, na ile ya mafua iulizwe kwa daktari. Sita, kabla ya upasuaji wowote, hata wa jino, daktari wa usingizi aambiwe jina la ugonjwa, maana baadhi ya dawa za usingizi ni hatari kwa watoto hawa.

Mashine haiponyi. Msuli utaendelea kudhoofika, na kuna siku familia na daktari watakaa chini kuzungumza maswali magumu, na mtoto mwenyewe akiwa mkubwa wa kutosha asikilizwe. Lakini kati ya leo na siku hiyo kuna miaka ya shule, ya marafiki, ya mechi za kushangilia na ya ndugu kulala chumba kimoja. Miaka hiyo haikuwepo kwa wale watoto 13 wa mwaka 1868.

Duchenne hakuwa na mashine ya kuwapa. Alichokuwa nacho ni macho yasiyochoka na miguu iliyokubali kumfuata mgonjwa mpaka nyumbani kwake. Mzazi hahitaji kumfuata mtoto, kwani analala naye nyumba moja. Usiku wa leo, kabla hujazima taa, simama kidogo mlangoni umwangalie anavyopumua. Ukiona tofauti, iandike kwenye daftari, tarehe na saa, umpelekee daktari.

Makala hii ni ya kuelimisha, haichukui nafasi ya ushauri wa daktari wako. Tukutane wiki ijayo.